Lakiri ya Pili

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimepata mpango. Mpango safi! Ijumaa ni Siku ya Wazazi na nitasoma insha yangu, "Kazi ya Baba Yangu", mbele ya shule nzima. Baba ni dereva wa lori. Wenzake humwita Breki. Mwaka juzi hakufika: lori lilisimamishwa kwenye kizuizi cha mizani, likapekuliwa. Mwaka jana vilevile, palepale. Kiti chake kilikaliwa na mkoba wa Mama.

Sitaki kuusomea mkoba insha mara ya tatu.

Nimeazima maktaba kijitabu cha haki za dereva anaposimamishwa. Aulize sababu ya upekuzi. Awepo mzigo unapofunguliwa. Asisaini asichokisoma. Apewe maandishi ya kilichofanyika. Naamini polisi wakiona dereva anajua haki zake watamwachia upesi. Nani anapenda maswali? Mimi mwalimu akianza tu kuuliza, hutamani kengele ilie.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mazoezi. Mimi polisi, Baba dereva, kochi ndilo lori. Nikamwamuru afungue. Akafungua! Akanionyesha mpaka chini ya mito! Nikamkumbusha aulize sababu kwanza. Akasema mwanangu, miaka kumi na tisa barabarani imemfundisha jambo moja tu: habari za kazi, afande, fungua, funga, kwaheri. Nikamwuliza, mbona basi mwaka jana hakufika? Akakuna kidevu.

Nimemwandikia kadi ya maswali saba. Manne ya kijitabu, matatu yangu. (La saba: "Je, afande, umenawa mikono?")

Mama, ambaye ni fundi cherehani, alisema bila kuinua macho kwamba usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Sikuona uhusiano.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kinara kaniudhi. Tunakaa dawati moja. Kila mtihani yeye wa kwanza, na baba yake ni sajini wa kizuizi kilekile cha mizani! Insha yake inaitwa "Baba Yangu, Jicho la Barabara". Ati sajini ameomba ruhusa, Ijumaa saa nane atakuwa kiti cha mbele. Akaniuliza wangu atakaa wapi, au mwaka huu pia tunaleta mkoba? Darasa zima likacheka.

Nikamjibu kwa adabu kwamba baba yangu atakaa mbele ya baba yake. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba mbele ya kiti cha mbele hakuna kiti.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Lori limepakiwa magodoro themanini, limeegeshwa nje. Kesho alfajiri Baba atayapeleka mji wa jirani na kurudi kabla ya saa nane. Nimekagua mlango wa nyuma. Una lakiri, kile kifungo cha chuma chenye namba ambacho mwenye mzigo hufunga ili ijulikane hakuna aliyefungua njiani. Moja tu! Nyembamba kama hereni! Nani ataiheshimu?

Nimetengeneza ya pili. Kifuniko cha kopo, utepe mwekundu kutoka sanduku la Mama, namba nimeichonga kwa msumari: 777777. Nimeifunga Baba akiwa anaoga. Inameta!

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Msiba! Saa nane. Kiti cha Baba: mkoba.

Lakini kiti cha mbele, cha sajini, nacho kitupu! Kinara alisoma macho yakiwa mlangoni. Alipofika kwenye "jicho la barabara" akajifuta pua kwa mkono wa shati. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Nikampa leso yangu.

Nikaomba niwe wa mwisho. Nikasoma polepole kama lori lenye mzigo mlimani. Nikarudia aya ya pili. Mwalimu akakohoa. Nimebakiza sentensi moja, honi! Lori likaingia langoni, magodoro sita juu ya paa, Baba na sajini wakashuka pamoja, vipande vya sponji kwenye nywele. Mwalimu aliposema tuanze upya, mimi na Kinara tulisimama kwa wakati mmoja.

Baba alisikiliza mkoba ukiwa mapajani. Alifuta macho. Alisema ni sponji.

Kumbe kule kizuizini sajini alikuwa ameshainua mkono ampungie Baba apite. Akaona lakiri mbili! Karatasi za mzigo zinatambua moja tu. Baba hakujua ya pili imetoka wapi, akatoa kadi. Akauliza yote saba. Sajini ni mtu wa utaratibu: akayajibu yote saba, kwa maandishi, na mikono akanawa. Sababu ya upekuzi: lakiri namba 777777. Magodoro yakashushwa, yakavimba, yakakataa kurudi! Ikabidi afande ayakalie huku Baba akisukuma mlango. Usafiri wa sajini ukamwacha, Baba akamwambia apande.

Mama aliutambua ule utepe mwekundu mkononi mwa Baba. Kisha akanitazama mimi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Adhabu: kuosha lori zima, matairi kumi.

Baba amerudi kutoka kupeleka magodoro. Mwenye mzigo alikuta lakiri yake imekatwa, akaanza kupiga kelele kwamba dereva ni mwizi. Baba akatoa maandishi ya sajini: nani alifungua, kwa nini, magodoro themanini kamili, namba ya lakiri mpya. Mwenye mzigo akanywea. Baba kasema kadi ataitunza, ila swali la saba nilifute.

Kwa hiyo mpango ulifaulu! Kosa lilikuwa moja tu: namba hazikufanana. Jumatatu lori linapakiwa tena. Nitanakili namba ya lakiri halisi sawasawa. Utepe Mama kauficha, lakini najua wapi. Na nimeshamwomba Kinara achonge yeye. Ana mwandiko mzuri.