Vita vya Kikombe cha Chura

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili, nanyi mnaosikia kwa moja. Wekeni chini vikombe, zimeni redio, na anayebisha hodi aendelee kubisha, kwa maana inapita habari ya Mpima Ardhi, mstaafu mwenye magoti mabovu, simba wa futi na mistari, ambaye asubuhi ya Jumanne moja alitoka kwake bila jeshi wala kifungua kinywa, akaingia mtaro wa nyuma ya kwa dobi, akarudi na ua.

Ua moja. Msicheke bado.

Hakuna vita visivyo na chanzo, na chanzo cha hivi kilikuwa usingizi. Ijumaa iliyotangulia, Mkunga, mke wa shujaa wetu, mpokeaji wa watoto wasio na idadi, ambaye neno lake moja, "Sukuma!", liliwatoa nje hata wakaidi, aliagwa kazini baada ya miaka thelathini na mmoja. Ukumbi ulifurika. Wauguzi walivaa sare mpya, mganga mkuu akaleta keki. Mkunga akasimama na hotuba ya kurasa nne aliyoiandika kwa mkono wake; na alipofika ukurasa wa tatu, katika ukimya ambao sindano ikianguka ingesikika, ukasikika mkoromo. Nao haukuwa mkoromo wa kuibia. Ulikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Ukumbi mzima ukageuka, ukamwona Mpima Ardhi kwenye safu ya mbele, kichwa kimelala nyuma, kinywa wazi, miwani imepanda kwenye paji la uso.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mume hatua sita nyuma. Penye mtaro wa dobi Mkunga alisimama, akatazama chini kwenye majimaji, akasema kana kwamba anaongea na upepo, "Kumbe kikombe cha chura kimechanua." Kisha akafunga kinywa chake, na mlango wa maneno ukafungwa kwa makufuli saba.

Na hicho kikombe cha chura ni nini? Wenye vitabu wana jina lao refu. Watu wa mtaa ule walikiita hivyo kwa sababu huota pale chura anapojisikia nyumbani: penye ubaridi na tope, penye maji yasiyokauka. Hakipandwi na mtu. Petali zake ni tano, za manjano, zinang'aa kana kwamba kuna aliyezipaka mafuta na kuzisugua kwa kitambaa. Majani yake yamechanwa-chanwa kama nguo iliyopita mikononi mwa fundi mlevi. Na mashina yake hutambaa, yakishika ardhi kila baada ya shubiri, kama mgeni aliyesema amepita tu kusalimia.

Siku tatu Mkunga hakusema na mumewe ila kwa mkalimani.

"Paka," alisema, "mwambie huyo bwana chai iko mezani."

Na Mpima Ardhi, kwa unyenyekevu wa mateka, alijibu, "Paka, mwambie mwenye nyumba ahsante sana."

Siku ya nne paka, ambaye tangu mwanzo hakuombwa ridhaa, alihamia kwa jirani. Nyumba ikabaki bila balozi. Hapo ndipo Mpima Ardhi alipofahamu kwamba wakati wa mashauri umekwisha, akakumbuka lile ua la mtaroni, neno la mwisho la mkewe.

Akavaa suruali yake nzuri, kwa kuwa haendi mtu kuomba suluhu na iliyotoboka. Akatwaa mti wake wa kupimia, mwekundu na mweupe, uliosimama naye juani miaka yote ya kazi. Kisha akainama kwa taabu kizingitini, akanena na magoti yake:

"Enyi magoti, mapacha wa mateso yangu! Mlinibeba milimani nikiwa kijana nami sikuwashukuru. Leo nawaomba hatua mia mbili na arobaini, kwenda na kurudi. Mkinitupa leo, nani atanipokea?"

Goti la kulia likalia ko! Akalihesabu hilo kuwa ndiyo.

Alipofika mtaroni, ua lilikuwa ng'ambo, kwenye ukingo wa pili, limesimama peke yake juu ya shina refu. Shujaa hakukurupuka. Alipima. Upana: mita moja na robo. Kina: mti ulizama, ukazama tena, akaacha kuuliza.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Dobi na pasi mkononi.

"Shikamoo, Mzee Mpima. Wanataka kupitisha barabara hapa?"

"Marahaba. Siyo barabara, mwanangu. Nimekuja kwa jambo la nyumbani."

"Basi angalia hiyo suruali, nimeipiga pasi juzi tu."

"Suruali," akanena Mpima Ardhi, akinyoosha mti wake mbele, "ni nguo. Amani ni amani."

Dobi akaiweka pasi dirishani. Kazi ingesubiri, mambo kama haya hayaji kila juma.

Kulikuwa na ubao juu ya mtaro. Shujaa akaukanyaga kwa mguu wa kushoto, nao ukamvumilia. Akaukanyaga kwa wa kulia, nao ukazama taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeketi. Tope likamfika katikati ya muundi. Na alipokuwa hapo, hawezi mbele hawezi nyuma, akatokea mlinzi wa ukingo ule: bata bukini wa Dobi, jike jeupe lenye shingo ya nyoka na moyo wa mtoza ushuru, lijulikanalo mtaani kote kwa jina la Mama Mkwe.

"Mzee, usimtazame machoni!" Dobi alipiga kelele.

Alikwisha kumtazama.

"Ewe ndege," akasema Mpima Ardhi, na sauti yake ilitetemeka kidogo tu, "sina ugomvi na nyumba yako. Nina ugomvi na kwangu, nao unanitosha. Nipishe nichume kimoja, niende zangu."

Mama Mkwe akatanua mabawa, akaja. Kilichofuata hakina mpangilio wa kusimulika. Kulikuwa na maji, kulikuwa na manyoya, kulikuwa na mdomo wa njano uliobana suruali nzuri mahali ambapo mwandishi mwenye heshima hapataji. Mpima Ardhi akautupa mti wake, rafiki wa ujana wake, akajirusha mbele, akalishika shina kwa mikono miwili. Shina halikukatika. Akavuta. Likamvuta na yeye. Wakavutana, mtu na gugu, hadi ukingo ulipoachia kwa mlio wa busu kubwa, naye akaanguka kwa makalio mtaroni, ua kifuani, na mzizi na bonge la udongo lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto.

"Umelipata!" Dobi aliruka. "Mzee, umelipata! Kiatu acha, kiatu nitakitafuta mimi!"

Alipita mtaani na kiatu kimoja. Waliomsalimia aliwajibu kwa kichwa, maana mikono ilikuwa na kazi.

Mkunga alikuwa mezani akikunja sare zake za zamani. Akainua macho. Akaona tope, akaona mguu mtupu, akaona ua, ambalo petali yake moja ilikuwa imepotea vitani. Akatafuta paka wa kumtuma, paka hayupo.

"Umeling'oa na mzizi wake?" alisema mwishowe.

"Lilikataa kutoka."

"Kwa hiyo ukavuta." Akalipokea bonge lile kwa viganja viwili, kichwa kwanza, kama alivyozoea. "Ndiyo maana sikukuruhusu hata siku moja kuingia wodini. Havutwi mtu hivi, bwana we." Na kona ya mdomo wake ikatetereka.

Akaliweka kwenye beseni chini ya bomba linalovuja uani. Kisha akarudi na karatasi nne, akamwonyesha mumewe kiti.

"Keti. Usiegemee."

Akasoma tena, kwa sauti ya ukumbini. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Magoti yakawaka moto, matope yakaanza kukauka, kope zikawa nzito kama magunia. Mpima Ardhi akajifinya paja. Ukafika ukurasa wa tatu.

"'Na sasa,'" alisoma Mkunga, "'simameni mumtazame mtu aliyeamka alfajiri kabla yangu, miaka thelathini na mmoja, kunisindikiza hadi lango la hospitali, mvua na kiangazi, na hakusema hata siku moja kwamba amechoka.'"

Akashusha karatasi.

"Hapo ndipo walipogeuka?" Mpima Ardhi aliuliza polepole.

"Hapo hapo. Niliwaambia wasimame. Wakasimama, wakakuona."

Yeye aliyehutubia magoti na bata alisema tu, "Nilikuwa nimechoka, mke wangu. Mara nyingi sana nilikuwa nimechoka."

"Najua," Mkunga alisema. "Basi ngoja, bado mmoja."

Na ijulikane kwa vizazi, iwafikie waliolala na walio macho: siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri, Mpima Ardhi, mwenye kiatu kimoja, alisikiliza ukurasa wa nne wote, hadi nukta ya mwisho, macho yakiwa wazi.