Programu Imenikana Wiki ya Mwanamfalme

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekwisha! Asubuhi kompyuta iliomba niisasishe. Nikakubali, maana iliahidi kuwa salama zaidi. Ikazima, ikawaka, ikapendeza kama bibi harusi. Nikafungua programu ya muziki. Ikanikana! Ati haina idhini kwenye mashine hii, mwenye mali ajitambulishe. Mwenye mali! Ngoma zote za maandamano ya Mwanamfalme wa Tatu, mungu-mtoto wa hekalu letu, zimo humo, nusu zimeiva, nusu mbichi, na maandamano ni Jumapili. Siwezi hata kuzisikiliza.

Nikainama chini ya meza. Mfuko wa kijani wa bisi za nazi upo mahali pake, juu ya mashine, kama mji wetu mzima wa Tainan unavyofanya ili mashine ziwe na adabu. Nikasoma tarehe. Zimeharibika tangu jana! Nilinunua katoni nzima kwa bei ya kutupa, sasa najua kwa nini ilikuwa ya kutupa. Mke wangu Hui-chun kasema niwapigie simu walioitengeneza programu. Anafundisha kompyuta sekondari, lakini mambo ya bisi hayajui.

Jumanne, 21 Oktoba

Duka la kona lina mifuko ya njano tu. Njano! Hata mtoto anajua njano huziudhi mashine. Nikanunua, nikaupaka mfuko kijani kwa kalamu ya wino mzito. Ukiutazama kwa jicho moja, unakubalika. Mchana joto la mashine likayeyusha wino. Vidole kijani, soksi kijani, na programu bado inamtaka mwenye mali.

Sasa niandike hofu yenyewe. Mwenye mali ni Pan Shih-kai. Tulipokuwa tukitengeneza muziki pamoja, aliisajili programu kwa jina lake. Tulipogombana, mimi nikabaki na kompyuta. Na mwezi uliopita, ndani ya hekalu, nilimwambia mwenyekiti, Shangazi Tu, kwamba sina kitu cha Pan, hata uzi. Vibao vya kumwuliza Mwanamfalme vikaanguka vizuri mara tatu mfululizo, kimoja chali, kimoja kifudifudi, maana yake ndiyo. Kazi tuliyoigombea ikawa yangu, Pan akarudi kukaanga mayai. Nimemdanganya Mwanamfalme usoni! Naye ni mtoto, na mtoto mwenye magurudumu ya moto miguuni si wa kuchezewa. Tangu jioni nyayo zangu zinaungua. Hui-chun kasema ni feni ya kompyuta inayopuliza chini ya meza. Siamini.

Jumatano, 22 Oktoba

Mpango! Neno la siri la Pan nalijua, ni jina la mama yake. Kilichobaki ni namba ya kuthibitisha, inayotumwa kwenye simu yake. Simu hiyo hulala karibu na kikaango, kwenye mgahawa wake wa asubuhi. Nimbipu Hui-chun, abonyeze kuomba namba kule nyumbani, mimi nichungulie huku. Hui-chun kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia ndiyo maana nawahi.

Nikaagiza chapati ya mayai. Nikambipu. Simu ya Pan ikalia. Nikaona nne, sifuri, saba, kisha mchuzi wa soya ukarukia kioo. Nikambipu tena. Hui-chun, kwa kuchoshwa, akabonyeza mfululizo, simu ikalia kama kengele ya shule. Pan akageuka, uso umempauka. "A-Yao, kuna mwizi anataka kuingia kwenye akaunti yangu! Nifanyeje, kaka?" Wateja wote wakanitazama. Ningefanyaje? Nikamshauri kama mtu mwema abadilishe neno la siri mara moja. Akabadilisha pale pale! Kisha akanishukuru, akaniongezea yai la bure. Likanikwama kooni.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimesikia sauti ya Shangazi Tu kwenye ngazi. Amekuja kuusikia muziki! Nikaingia chini ya meza.

Akainama, akasema, "A-Yao, mwanangu, soksi za kijani hizo ni zako au za mashine?" Nikatoka. Nikamweleza kwamba muziki huu ni mtakatifu mno, sikio la binadamu lisiutangulie la Mwanamfalme. Akafurahi. Akasema basi tumwulize mwenyewe kama unafaa kuendelea kufichwa, akatoa vibao kwenye mkoba wake. Anatembea navyo! Akarusha. Vyote viwili chali. Mwanamfalme anacheka. Akarusha tena. Anacheka. Shangazi akaviokota vibao, akasema, "Anacheka, lakini sidhani kama anacheka na wewe." Muziki ufike hekaluni kesho jioni, ama atamwita Pan na yale mayai yake.

Nilipobaki peke yangu nililia kidogo. Naogopa. Naogopa Shangazi, naogopa Pan, naogopa mtoto wa magurudumu. Baba yangu aliibeba machela ya Mwanamfalme hadi magoti yalipomwisha. Mimi ndiye nitakayemletea kimya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku za mwizi arobaini. Pan amekuja mwenyewe, mwiko bado mkononi. Wenye programu walimtumia jina la mashine iliyokuwa ikibisha hodi kwake: Himaya ya Ou Ting-yao. Jina nililibuni mimi. Nilipouona ule mwiko nilidhani ndiyo mara yangu ya mwisho kuwa na meno.

Akaukagua mfuko uliopakwa rangi. Akazitazama soksi. Akacheka hadi akashika meza. "Kaka, si ungeniomba tu?" Kisha akaketi, akaandika neno jipya la siri huku amelifunika kwa kiganja. Programu ikafunguka! Ngoma zangu zote zilikuwa salama. Tena hakuondoka. Zile zilizokuwa mbichi alizipika yeye, akaingiza zumari, akaifanya ngoma kubwa iende mbio. Sitamwambia mtu, lakini hapo ndipo penye utamu. Jioni muziki ukafika hekaluni.

Ameomba jambo moja tu. Kesho, mbele ya Mwanamfalme, nimwambie Shangazi Tu ukweli. Nikifanya hivyo, programu ataihamishia kwenye jina langu moja kwa moja, bure. Nikaapa. Nilimaanisha kabisa.

Jumapili, 26 Oktoba

Fataki, moshi, umati! Watu waliovaa masanamu makubwa ya Mwanamfalme walicheza na glavu zao nyeupe na miwani ya jua, mtaa mzima ukarukaruka. Ilipofika sehemu ya zumari, wazee waliacha viti vyao. Shangazi Tu alitoa machozi. Akanishika mkono mbele ya machela, akauliza nani aliyeitengeneza sehemu ile. Pan alikuwa kando yangu, ameshikilia kofia yake, anasubiri.

Nikafungua mdomo. Watu wale wote! Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni mimi, Shangazi. Peke yangu."

Pan alitoa simu, akabonyeza mara moja, akavaa kofia, akaenda zake.

Nyumbani programu imenikana tena. Safari hii hata haidai mwenye mali ajitambulishe. Inasema tu kwamba mashine hii imeondolewa.

Mambo si mabaya lakini. Shangazi Tu amenipa kazi ya Mwaka Mpya, mahekalu matatu kwa pamoja. Nimekubali papo hapo. Hui-chun ana binamu huko Chiayi mwenye programu hiyo hiyo, mtu mpole, hana shaka na mtu, anapenda samaki. Samaki nimeshanunua.

Hui-chun kaniuliza kama wiki hii nimejifunza chochote. Nimemjibu ndiyo, nimejifunza: Pan si mtu wa kuaminiwa.