Kuhusu Video Yako ya Pamba na Marudio Yangu

Kwa Mwalimu Eliya wa Historia Mtandaoni,

Ndugu Mwalimu,

Baada ya salamu, mimi ni Mama Raudha, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu hapa Buseresere. Nilianza kwa kuuza uji machimboni, sikuachiwa urithi na mtu. Naomba kwa heshima uifute video yako ya pamba ya mkoloni kabla haijanifilisi.

Mchimbaji akileta mawe, namsagia, anaosha, anaondoka na dhahabu yake. Mchanga unaobaki, yaani marudio, ni wangu. Ndiyo desturi. Kwamba humo hubaki dhahabu nyingi kuliko aliyoondoka nayo, hilo halijawahi kumuumiza mtu, maana hakuna aliyeuliza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema mkulima alibeba pamba, mnunuzi akapanga bei na faida ikabaki kwake. Sawa. Lakini ukawapa watoto kazi: watazame nyumbani kwao nani anabeba na nani anabaki na faida. Raudha wangu, kidato cha tatu, akatazama. Akaniuliza mbele ya wateja marudio ni ya nani.

2. Mchana wachimbaji hawaangalii tena mpira. Wanakuangalia wewe, tena kwa bando langu.

3. Amosi, mteja wangu wa siku nyingi, sasa ananisalimia, "Shikamoo, mkoloni." Naitikia marahaba, nifanyeje. Juzi kaja na viroba vitupu, anataka mchanga wake. Kati ya wateja kumi na mmoja, sita wako upande wake.

4. Sisi historia tulinakili ubaoni. Nilipata themanini na mbili na sikumsumbua mtu hata mmoja. Hiyo ndiyo elimu.

Kama kufuta ni kugumu, basi fundisha ya Ulaya tu. Kule hakuna anayenidai.

Wasalimie mama watoto na wote wanaokushikia kamera. Raudha anakusalimu, ingawa sikumruhusu.

Ni mimi niliyeonewa,
Mwanaidi, Mama Raudha

N.B. Kabla sijaituma barua hii nilipeleka marudio kwenye mtambo wa dawa ya kutolea dhahabu mchangani, Geita. Wakatoa dhahabu, kisha mwenye mtambo akaniambia mchanga uliobaki ni wake, ndiyo desturi. Video usiifute. Nimemtumia huyo mwenye mtambo mara mbili, hajaifungua. Jumamosi naenda na Raudha akamfundishe ana kwa ana. Amosi amekubali kutusindikiza, kwa sharti kwamba marudio yake kuanzia sasa tunagawana nusu kwa nusu.