Joto la Ng'ambo ya Ziwa

Jumatatu, 14 Julai

Saa nane mchana. Nyuzi 33.9. Nimesoma mara tatu, na miwani na bila miwani. Rekodi ya wilaya ni 34.6, na imekaa miaka arobaini bila kuguswa. Bado kidogo tu!

Jioni redio ikatangaza joto la leo. Mimi 33.9. Hilkka Roivas, ng'ambo ya ziwa, 34.2. Ziwa moja, jua moja, kati yetu mita mia tatu za maji. Hizo sehemu tatu za kumi kazitoa wapi? Mwalimu mstaafu, mtu wa kanisani. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na leo ndiyo barua ya Idara ya Hali ya Hewa imefika. Wanasema vituo viwili vya kupimia hali ya hewa kwenye ziwa dogo hivi ni vingi. Kimoja kitafungwa. Mkaguzi, Bwana Laukka, atakuja Alhamisi kuangalia vyote viwili.

Miaka ishirini na miwili nimekisoma kisanduku kile cheupe chenye kipimajoto kila saa mbili asubuhi. Nilikisoma nikiwa na homa. Nilikisoma asubuhi ya mazishi ya mke wangu Martta, nikiwa nimevaa suti. Tangu aondoke hakuna kingine kinachonisubiri asubuhi. Hakifungwi. Kama ni rekodi inayotakiwa, rekodi nitaitoa mimi.

Jumanne, 15 Julai

Upelelezi. Nimejificha kwenye matete na mashua na darubini tangu saa sita. Pange wamenila mpaka masikioni.

Saa nane kasorobo, nimeona! Moshi. Nyuma ya nyumba ya Hilkka, hatua chache kutoka kwenye kisanduku chake. Mwembamba, wa kuvizia. Nani anawasha moto mchana katika joto hili kama hana nia mbaya?

Akaniona. Akanipungia mkono, akauliza kwa sauti kama nimepoteza ndoano. Nikajibu ndiyo. Akasema maji ya hapo nilipo hayafiki magotini, samaki gani nategemea kumpata. Mtu mwenye hatia huwa mchangamfu sana, nimeligundua hilo zamani.

Mimi 34.1. Yeye 34.5. Nimeandika saa ya ule moshi kwenye karatasi ya pembeni.

Jumatano, 16 Julai

Nimeamua. Dawa ya moto ni moto. Huu si udanganyifu, ni kusawazisha mambo.

Kwanza, majani chini ya kisanduku. Sheria inasema yawe mafupi, haisemi mafupi kiasi gani. Nimeyakata mpaka udongo, maana udongo mtupu unashika joto. Mashine imegonga jiwe na kufa. Pili, turubai jeusi la mashua nimelitundika kwenye ukuta wa sauna, kibanda changu cha kuoga mvuke, unaotazama kisanduku. Eti linakauka.

Nyuzi 34.4. Haitoshi.

Saa kumi Hilkka akatokea na sahani ya visamaki vilivyokaushwa kwa moshi. Akautazama udongo. Akauliza kama napanda viazi mwezi wa saba. Nikasema ndiyo, aina mpya. Akalitazama turubai. Kisha akasimama karibu na kisanduku changu kwa dakika nne nzima, nilikuwa natazama saa, akisema maua ya Martta yamestawi mwaka huu. Mpelelezi mtupu.

Visamaki nimempa paka kwanza. Saa kumi na mbili paka bado mzima, nikala vilivyobaki. Vitamu, siwezi kukataa. Na sasa naelewa ule moshi: anawasha moto wa kuongeza nyuzi, halafu anatundika samaki juu yake ili aonekane anapika. Mwanamke ana akili ya kutisha.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya hukumu.

Mpango ulikuwa safi. Mlango wa sauna yangu unatazama kisanduku. Ningeiwasha saa sita, niuache mlango wazi, joto litoke lenyewe polepole. Saa nane rekodi. Saa tisa mkaguzi anapofika, sauna imezimwa, mimi nakunywa maji ya matunda kibarazani.

Nilisahau moshi wa bomba la sauna. Leo Alhamisi, na sauna hapa kwetu ni ya Jumamosi. Moshi wa Alhamisi una maana moja tu: kuna sherehe, njooni. Na mtu aliyekuja na taulo yake mkononi huwezi kumrudisha. Afadhali kumwibia.

Wa kwanza alikuwa Kauko wa dukani. Amefunga duka, kaja na soseji. Nyuma yake wanaume wengine wanane na furushi la matawi ya kujichapia mgongoni ndani ya mvuke. Hakuna aliyeuliza tunasherehekea nini. Nikafungua mlango, Kauko akaufunga, akasema mvuke unapotea bure. Nikaufungua tena. Akaufunga tena, akaniambia niende kupumzika, mwenye sauna asijisumbue.

Nikakata tamaa. Kisha nikatazama nje. Walikuwa wametoka kupoa, na penye kivuli palikuwa mahali pamoja tu: kwenye kisanduku changu. Wanaume tisa uchi, wekundu, wanafuka mvuke, wamekizunguka, wengine wamekiegemea. Saa nane kamili. Nikapenya katikati yao, nikasoma.

36.3! Rekodi ya wilaya! Nikambusu Kauko kichwani.

Mkaguzi akafika mapema. Kijana mrefu, shati limemganda mgongoni. Kabla sijasema neno Kauko akampa taulo. Bwana Laukka akasema yuko kazini. Kisha akasema hata hivyo haiwezekani kukataa. Hata yeye ni mtu wa hapa hapa.

Wenzetu wakaenda kuogelea, ndani tukabaki mimi, Kauko na yeye. Yeye akakaa kati yangu na mlango. Akautazama moto.

“Mzee Armas,” akasema taratibu, “joto lote hili, na leo Alhamisi. Sauna umeiwasha kwa ajili ya nini?”

Nje ningemjibu. Nina majibu mengi nje. Lakini ndani ya sauna hakuna anayesema uongo, ndivyo tulivyolelewa, mle ni kama kanisani. Hata Kauko, ambaye mizani yake ya nyama ya kusaga tunaijua sote, mle ndani husema kweli. Nilifungua mdomo kutaja siku ya kuzaliwa. Ikatoka kweli. Sauna, mlango, turubai, udongo, mpaka karatasi ya pembeni yenye saa za moshi.

Kauko akayamwagia maji mawe ya jiko. Akasema, “Basi soseji zangu nimezileta kwenye uhalifu.” Mkaguzi akajifuta jasho, akaenda kuvaa.

Ijumaa, 18 Julai

Saa mbili asubuhi nimekisoma kama kawaida. Nyuzi 24.8. Nimekisoma polepole, pengine ni mara ya mwisho.

Ile 36.3 imefutwa. Na jana saa nane Hilkka alipata 34.8. Mkaguzi alikwenda kwake pia, akakagua, akaona jiko lake la samaki liko upande wa pili wa ghala, mbali na kisanduku, na upepo ulikuwa unakwenda ziwani. Safi kabisa. Rekodi ya wilaya ni yake, wameitangaza redioni pamoja na jina lake. Nimeizima redio.

Saa nne Hilkka akaja mwenyewe. Nikajua anakuja kuringa. Akakaa kibarazani bila kukaribishwa.

“Armas, mimi niliwaandikia watu wa Idara tangu Aprili kwamba changu ndicho wakifunge,” akasema. “Nimechoka kuamshwa na kipimajoto. Nina wajukuu mjini, nina kwaya. Wewe ungeamka kwa ajili ya nini?”

Nikamwambia naenda kuchukua kuni. Nyuma ya banda la kuni macho yakaniwasha, nikasema ni moshi. Hakukuwa na moshi.

Mkaguzi amepiga simu jioni. Kituo kinabaki kwangu, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Namba moja tu ya uongo, wanakuja kuking'oa. Nimeapa. Nimeapa kwa jina la Martta.

Jumamosi, 19 Julai

Nimelala nikiliwaza jambo hili na halikai vizuri. Nani anavunja rekodi leo na kuachia kisanduku kesho? Anaondoka akiwa juu, ndiyo hivyo. Jina lake litakaa redioni miaka arobaini na mimi nitabaki nikililinda kama askari wa zamu. Wema wa namna hii una bei, bado sijaiona tu.

Saa tisa mawingu meusi. Ngurumo. Mvua ya kumwaga, haijakatika mpaka naandika. Kauko amesema hajaona mvua kama hii maishani. Nikamuuliza amejuaje, yeye hana kipimamvua.

Jumapili, 20 Julai

Saa mbili kamili. Mvua imekoma. Kipimamvua: milimita 70.2. Rekodi ya wilaya ya mvua ya siku moja: 71.0.

Nilisimama pale na kikombe cha kahawa ya maziwa mkononi. Nikakumbuka kiapo, nilikikumbuka vizuri sana. Nikatazama ng'ambo ya ziwa: mapazia ya Hilkka yamefungwa. Bomba la maji liko mbali na saa ilikuwa inapita.

Funda moja tu ndani ya kipimamvua. 71.3. Nikapiga simu Idarani.

Bwana Laukka amenipongeza. Kisha akasema kwa rekodi ya mvua ni lazima maji yenyewe yaonwe, nisiyamwage, yuko njiani. Watu wa Idara hawamwamini mtu. Sijui nchi hii inaelekea wapi.

Nimekwenda kuchungulia. Maji yana rangi ya kahawia, na juu yake kinaelea kitone cha maziwa. Hapa pana mkono wa mtu. Nitamwambia mkaguzi amchunguze Hilkka.