Uyoga wa Manjano na Nduguye Mweupe

Jumanne, 4 Machi
Mtaalamu wa uyoga anakuja Jumamosi na wenzake! Mama mzima, kutoka chuo kikuu. Anataka kulinganisha uyoga wa aina mbili wa msitu wetu, ndugu wa ukoo mmoja, wote karibu kutoweka. Mmoja mweupe, ukiukwaruza, haubadiliki. Wa pili wa manjano. Ukiukwaruza, unageuka buluu kama wino. Akithibitisha kuwa ni aina mbili, kilima kitafungwa, misumeno ya wakata miti itakoma.

Wa manjano aliuona Shemeji, mlinzi mwenzangu, kule mtoni. Tangu hapo hatupumui. Mke wangu anasema kaka yake ana macho. Kwani mimi nina vifungo?

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili! Mweupe uko kileleni, wa manjano bondeni. Mama wa watu apande na kushuka na magoti ya mtu mzima? Nitauhamishia wa manjano kando ya nduguye. Alinganishe amekaa! Na Shemeji atawapeleka wageni mtoni wakaone majani matupu. Nimecheka peke yangu hadi mbwa akahama.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeung'oa. Kwa heshima zote, pamoja na udongo wake, ndani ya sufuria ya mke wangu. Sasa wamekaa kama maharusi.

Ijumaa, 7 Machi
Wa manjano umeinama. Uchovu wa safari. Nimeuegemeza kwa kijiti. Mke wangu kauliza sufuria yake. Nimesema sijui.

Jumamosi, 8 Machi
Ee Mola wangu. Umekuwa kamasi.

Shemeji alihangaika mtoni, akifukua majani, akiapa kwamba ulikuwepo. Wageni wakaanza kutazamana. Nilidhani nitafurahi. Wapi!

Kileleni mtaalamu akapiga magoti. Kisha akaeleza, kwa upole uliochoma, kwamba uyoga huu huishi kwa mizizi ya mti wake. Kuuhamisha ni kumnyang'anya mtoto ziwa. Shemeji akaiona sufuria ya dada yake kichakani. Akanigeukia. Laiti angenitukana! Alisema tu, "Nilikuwa naupitia kila Jumapili, shemeji. Kuujulia hali."

Jumapili, 9 Machi
Mtaalamu ameondoka bila jibu. Amesema huenda uhai umebaki ardhini kule mtoni, tungoje mvua zijazo, na tusiguse kitu. Sisi tutangoja. Wenye misumeno je? Nimewasikia tangu asubuhi, ng'ambo ya kilima. Mke wangu anaongea na ukuta, mimi nimo chumbani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekoma. Sing'oi uyoga tena maishani, naapa.

Ila huu mweupe uliobaki, maskini, uko wazi kabisa! Nimeujengea kuta nne za matofali na paa la bati, mvua isiupige. Chini nimemwaga zege, siafu wasipenye. Shemeji bado hajui. Kesho nampeleka akaone. Atalia kwa furaha!