Zimwi la Kumla Shemeji

Jumapili, 5 Mei
Aibu tupu! Jana, kwenye mchezo wetu wa hadithi na dadu, ambapo mimi ndiye msimulizi na kila mchezaji ana shujaa wake, zimwi langu lilikufa kabla chai haijapoa. Wiki nzima nimelitunga: pango, mikia mitatu, harufu. Shemeji akaja na shujaa wake wa shoka, akarusha dadu, kwisha habari. Kisha akapiga miayo! Mume wa dada yangu, mtu ambaye hata misumari inamshinda kupigilia, anaupigia miayo usimulizi wangu. Wachezaji wenzake, Fundi cherehani na Nesi, wakamuunga mkono. Nimepewa nafasi ya mwisho: Jumamosi zimwi lisipowatoa jasho, kiti cha msimulizi anakalia Shemeji. Kiti changu, chenye mikono! Hao watatu wenye viti vya egemeo bovu wananionea wivu tu.

Jumanne, 7 Mei
Nimepata! Kwa nini nihangaike na wote? Adui ni mmoja. Natunga zimwi la kumkaa Shemeji mwilini kama suti. Ngozi yake shoka haliingii. Mwenye shoka linamnusa hata chini ya maji. Wachezaji wengine haliwaoni kabisa, linawapita kama vigingi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakuliona langu.

Alhamisi, 9 Mei
Dada kanikuta jikoni kwake nacheka peke yangu. Nikamwambia niko kazini. Akauliza ni kazi gani hiyo ya kuchora mikia. Hana akili ya mambo makubwa, ndiyo maana akaolewa na yule. Akasema jino linamsumbua mumewe, nimwombee. Nimemwombea apone ifikapo Jumamosi. Baada ya hapo, shauri yake.

Jumamosi, 11 Mei
Jino! Shemeji yuko kitandani, shavu limefura. Na meza yetu ina sheria, niliyoitunga mwenyewe siku nilipotaka kuonekana muungwana: mchezaji asipokuja, msimulizi anamchezea shujaa wake, kwa nguvu zote. Nikaomba tuahirishe. Nesi akagoma, eti kabadilishana zamu kwa ajili ya leo.

Basi nikawa zimwi, papo hapo nikawa Shemeji. Nanguruma, najikimbia, najirushia dadu. Nesi akamimina mishale, zimwi halimwoni. Fundi akalichoma mkuki, likampita. Wakachoka, wakakaa. Fundi akatoa suruali ya mteja akaanza kuipinda. Mwishowe shoka likapata jicho, zimwi likazama ziwani. Makofi! Wakasema shujaa wa Shemeji ni kiboko. Mtu mwenyewe hata hayupo!

Nikawauliza, jasho si limetoka? Fundi akasema, “Limetoka, ila lako peke yako.” Nesi akaongeza kuwa zimwi la mezani huwa la wote, si la mtu mmoja. Kiti kimekwenda. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 12 Mei
Nesi ashike sindano zake. Mazimwi aniachie mimi.

Jumamosi, 18 Mei
Shemeji kajaa kwenye kiti changu, shavu limepona. Akasema kwa upole kwamba msimulizi hana shujaa, basi wake wa shoka nimchukue mimi, maana anasikia nilimchezea vizuri. Nikafurahi, mjinga mimi! Dakika haikupita, ziwa likachemka. Zimwi langu! Fundi alimsimulia kila kitu. Shemeji hakubadilisha hata ukucha, ila kaliongezea watoto wawili, mmoja wa Nesi, mmoja wa Fundi, ili wote wawe na kazi. Wakapigana, wakapiga kelele, jasho tele. Suruali haikutoka mfukoni. Mimi nikamezwa pamoja na shoka langu, mpaka viatu. Zimwi nililolizaa mwenyewe, linanijua kuliko mama, limenila likanimaliza. Methali za bure kabisa!

Lakini nimeshaona kosa liko wapi. Kosa lilikuwa shoka. Shoka huhama mikono. Nitaomba kiti kwa siku moja tu, na zimwi jipya nimeshaanza: halina habari na shoka, linamla mwenye jino bovu, na huyo tunamjua. Safari hii hachomoki.

Ajabu, tangu nianze kulichora, gego langu linapwita.