Kukataliwa kwa Shemeji Yangu kuwa Dhamana

Kwa Meneja wa Tawi,
Ofisi ya Mikopo kwa Wafanyabiashara Wadogo,
Mkabala na duka la mbolea.

Ndugu Meneja,

YAH: MALI ISIYOHAMISHIKA ILIYODHARAULIWA NA OFISI YAKO

Naamini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile feni ya ofisini, iliyokuwa ikizunguka kwa kusuasua siku nilipokuja, imeshapata fundi. Mimi ni yule mama aliyeketi kwenye benchi lenu tangu mlango ulipofunguliwa mpaka mlinzi alipoanza kufagia miguuni pangu. Huku kwetu naitwa Mama Vifaranga. Jina hilo nililipata kwa jasho, na sasa liko hatarini, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi yangu ni kuuza vifaranga vya kuku. Mayai ninayo na wateja ninao. Ninachokosa ni mashine ya kuangulia, ile ndogo inayotumia umeme wa jua. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na kuku wenyewe. Sipendi kuwasema vibaya wafanyakazi wangu, lakini kuku ni kiumbe mwenye visirani. Mmoja aliacha kuatamia katikati ya kazi kwa sababu nilihamisha ndoo. Mwingine hukaa juu ya mayai kwa adabu zote mpaka amwone jogoo wa jirani, hapo husahau kabisa kwamba ana majukumu. Mara ya mwisho karibu mayai yote yaliharibika. Kina mama wa kikundi chetu walikuwa wameshajenga mabanda ya kupokea vifaranga hivyo, na mmoja wao, mjane anayekaa ng'ambo ya kisima, alitumia mbao za kitanda chake. Alikuwa akipita kila asubuhi na kuniuliza, "Bado?" nami namjibu, "Bado, dada." Siku hizi haulizi. Anapita tu, na mimi najifanya natafuta kitu chini.

Kwa hiyo nilikuja kwenu. Yaliyonipata nayaeleza hapa kwa heshima zote, nikianza na madogo.

1. Barabara. Afisa mikopo wako, kijana mpole mwenye viatu vilivyochongoka mbele, aliniambia kwamba biashara inayostahili mkopo huwa kando ya barabara ili ionekane. Nilimweleza kwamba kwetu hakuna barabara. Kuna njia, na mvua ikinyesha hata njia hakuna. Akaniuliza, "Sasa mama, biashara yako inaonekana kutokea wapi?" Nikamjibu kwamba haionekani, inasikika. Jibu hilo hakuliandika. Naomba liandikwe.

2. Wadhamini. Mlitaka wadhamini wawili wanaopokea mshahara. Ndugu Meneja, kijijini kwetu kuna mshahara mmoja, na ni wa mwalimu mkuu. Mtu huyo ameshamdhamini fundi viatu, mshindani wa fundi viatu, mwenye mashine ya kusaga na kwaya nzima. Nilipomfuata shuleni, wanafunzi walikuwa wamefundishwa kusema hayupo. Walilisema wote kwa pamoja, kwa matamshi mazuri sana. Nilizunguka nyuma ya darasa nikamkuta akitoka kwa dirisha, mguu mmoja nje na mmoja ndani. Akaniambia kwa uchungu, "Mama Vifaranga, nimemdhamini hata mlinzi wa ofisi hiyo unayotaka kukopa." Nikamshikia koti lake ateremke vizuri, nikaenda zangu. Sikuona haja ya kumwongezea mzigo.

3. Akiba. Niliambiwa nioneshe kwanza kwamba nina akiba ya kutosha kununua mashine ninayoiombea mkopo. Nilimuuliza afisa wako, kama ninayo, nimekuja kwenu kufuata feni? Alisema swali hilo ni la makao makuu. Nangoja jibu la makao makuu.

4. Dhamana yenyewe. Hapa ndipo penye kidonda. Afisa wako alinisomea kwamba, kwa mtu asiye na wadhamini, ofisi inakubali mali isiyohamishika. Nilirudi nyumbani kichwa chini. Kiwanja ni cha ukoo, nyumba ni ya mama mkwe wangu, na kuku wanahamishika mno. Nikajitupa kwenye kigoda sebuleni, nikainua macho, na mali ile nikaiona mbele yangu, kwenye kochi, imejifunika blanketi.

Ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Alikuja kututembelea mwaka ule tulipopaka sebule rangi ya kijani, akakaa kusubiri rangi ikauke. Anaitwa Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa swali lolote. Ni mtu mwema, hagombani na mtu na hana kinyongo. Ila hahamishiki. Mume wangu, ambaye ni fundi wa pampu za maji na amewahi kung'oa mabomba yaliyoshikwa na kutu, amemshindwa. Alimtafutia kazi ya ulinzi, shemeji akauliza kama anaweza kulinda kutokea hapo alipo. Paa lilipovuja juu ya kochi, mume wangu alipanda juu na kuzungukazunguka, mwishowe akaona ni rahisi zaidi kulihamisha lile tundu. Hadi leo linavujia upande wetu.

Najua utauliza kuhusu msalani. Huko huenda, lakini hurudi. Kwenda na kurudi si kuhama. Hata wewe Meneja huinuka kwenye kiti chako na hakuna anayesema umeacha kazi.

Tazama pia sifa nyingine za dhamana hii. Haina mgogoro wa umiliki, kwa sababu hakuna ndugu aliyewahi kuja kudai kwamba ni yake. Mwizi hawezi kuibeba. Thamani yake haijawahi kushuka, kwa vile haijawahi kupanda. Nyumba ngapi mlizozishika rehani zina sifa hizo?

5. Ukaguzi. Ili kuwa mkweli, afisa wako alikuja kukagua. Alifika kwa pikipiki, ametapakaa tope mpaka kwenye tai. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Aliniuliza, "Mama, dhamana iko wapi?" Nikamwambia, "Hiyo hapo." Shemeji akasema, "Karibu, kaka," bila kunyanyua kichwa. Afisa akanisogeza pembeni.

"Mama, huyu ni mtu."

"Sikatai," nikamjibu. "Mhamishe basi."

Alivua koti akalitundika msumarini, akamshika shemeji mabegani na kuvuta. Shemeji hakukasirika. Alimwambia, "Wewe vuta tu kaka, mimi sina neno." Afisa akahamia miguuni, akavuta, akabaki na soksi moja mkononi. Mume wangu alikuwa mlangoni akimpa maelekezo, maana njia zote hizo alishazipita. Mwishowe kijana akaishiwa pumzi, akaketi kwenye kona ya kochi apumzike kidogo.

Ndugu Meneja, kochi lile lina hali yake. Mama mkwe alileta chai. Afisa akaanza kumsimulia shemeji jinsi unavyompangia malengo ya kila mwezi, jinsi wateja wanavyomkimbia sokoni, na jinsi ambavyo hajawahi kulala mchana tangu aajiriwe. Shemeji ni msikilizaji mzuri mno, hana pa kukimbilia. Jua likazama, afisa hajainuka. Tukala, hajainuka. Nilipokuwa nafunga milango akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuna mto wa ziada. Aliondoka siku ya pili baada ya chai ya saa nne, akiwa na uso uliotulia ambao sikuwahi kuuona pale ofisini kwenu.

Mtu huyohuyo, aliyeshindwa kuisogeza dhamana hata upana wa kiganja, akaandika kwenye ripoti yake: "Dhamana haipo." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kama haipo, alikuwa akivuta nini?

6. Mama mkwe. Mwanzoni nilipomweleza mpango wangu alikuja juu. "Mwanangu si kiwanja," alisema, na kwa siku kadhaa tukawa hatuzungumzi ila kupitia kwa mume wangu. Lakini habari zilipofika kwamba mmemkataa, hasira yake ilibadilika mwelekeo. Sasa anauliza, "Wamemwona ana kasoro gani?" Swali hilo analiuliza kisimani, kanisani na dukani. Anasema mmeidharau familia yake mbele za watu. Amekwisha kutamka kwamba atakuja kuketi kwenye benchi lenu mpaka aelezwe kwa kinywa. Nakutahadharisha kwa nia njema: hiyo tabia ya kutohamishika shemeji aliirithi kwa mama yake.

7. Madhara kwa dhamana. Tangu akataliwe, shemeji hana furaha. Amegeukia ukutani. Siku nyingine hugeuka tena akautazama mlango, akaguna, kisha akarudi ukutani. Naomba jambo hili lisitafsiriwe kisheria kuwa ni kuhamahama.

Kwa hayo yote, naiomba ofisi yako itende yafuatayo. Kwanza, shemeji atambuliwe rasmi kama mali isiyohamishika, na ripoti ile ifutwe. Pili, kwa kuwa mkopeshaji ana haki ya kukaa na dhamana mpaka mkopo uishe, mlete lori mumchukue pamoja na kochi lake. Nimepima mlango wa ofisi yenu kwa macho, atapita kwa ubavu. Hula mara tatu, hapendi upepo wa mgongoni, na mkimweka pale karibu na benchi atawafundisha wateja wenu kungoja bila kulalamika, kazi ambayo ofisi yenu inaihitaji sana. Tatu, nikishindwa kulipa, mnadini. Familia yote iko tayari kuhudhuria na kukaa kimya. Nne, afisa wako aturudishie mto.

Usidhani nafanya mzaha, Ndugu Meneja. Mabanda ya wenzangu yamesimama matupu, na mimi ndiye niliyewaambia wayajenge. Mtu akikuamini mpaka akavunja kitanda chake, huwezi kumwambia kwamba mpango umekwama kwa sababu hukuonekana kutokea barabarani.

Nisalimie mlinzi, na umwambie kwamba mwalimu mkuu anamwombea kila siku asiache kazi. Msalimie mhasibu wa dirisha la pili, dirisha lililokuwa limefungwa. Kama yupo, basi salamu zimfikie. Wasalimie makao makuu, wote kwa jumla. Mume wangu anakusalimu. Mama mkwe hajakusalimu, atafanya hivyo ana kwa ana.

Ni mimi mteja wako mtarajiwa,
Mama Vifaranga.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha nikasikia shemeji ananiita. "Shemeji, samahani kukusumbua," akasema, "kuna kitu kinalia chini yangu." Nikafunua blanketi. Ndugu Meneja, ni vifaranga. Siku ile afisa wako alipoondoka, mama mkwe aliyaficha mayai yangu yaliyosalia kwenye ufa wa kochi, nyuma ya mgongo wa mwanawe, ili paka asiyafikie, kisha hasira za kuwalalamikieni kisimani na kanisani zikamsahaulisha. Wametoka wote, hakuna yai hata moja lililooza, jambo ambalo hakuna kuku wangu aliyewahi kulifanya. Hata kule kugeuka kwake kwa huzuni kulikuwa na faida, maana mayai hutakiwa kugeuzwa. Shemeji mwenyewe ameshangaa sana. Ameniuliza kama hii inahesabika kuwa kazi, nikamwambia ndiyo, akaomba kwa mara ya kwanza tumletee mengine leo, si kesho.

Kwa hiyo naomba uyafute yote niliyoyaandika hapo juu. Mashine siihitaji tena na mkopo siutaki. Shemeji si dhamana, ni mtambo, na tafadhali lile lori lisije kabisa. Mto mnaweza kubaki nao.

Lakini maombi ya vifaranga ni mengi kuliko upana wa mtu mmoja, na upande wa pili wa kochi uko wazi. Ukiona afisa wako mikopo ameanza kusinzia mezani, usimfokee. Mruhusu aje, tutamlipa vizuri, na yeye tayari ana uzoefu.